Dili la senta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima pendekezo la kubadilishana senta NBA

Ukurasa huu ni kwa shabiki anayekutana na pendekezo la aina hii: timu yake itoe wachezaji wawili na chaguo la drafti, ipate senta, yaani mchezaji mrefu anayecheza karibu na ringi. Sheria zinazotajwa ni za mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji ulioanza kutumika mwaka 2023. "Chaguo" ni haki ya timu kuchukua mchezaji kijana kwenye drafti, zamu za kila mwaka za kugawana wachezaji wapya. "Aproni" ni mistari miwili ya jumla ya mishahara iliyo juu ya kiwango cha kodi ya anasa, tozo kwa timu yenye mishahara mikubwa. Timu ikiivuka hupoteza njia nyingi za kufanya biashara.

Nianzie wapi?

Anza na senta ambaye timu yako ingempata bila kutoa kitu cha maana. Wengi huweka mezani pointi na ribaundi (mipira inayodakwa mtupo ukikosa) za mchezaji anayetakiwa, kisha humlinganisha na pengo tupu. Timu haibaki na pengo tupu. Ikikosa dili hilo itampandisha senta wa akiba, au itasaini mtu kwa mshahara wa kima cha chini, au itanunua mwingine wa bei ndogo. Unacholipia ni tofauti kati ya senta anayependekezwa na huyo wa bei ndogo. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, chaguo la raundi ya kwanza ni bei kubwa mno hata kama mchezaji mwenyewe ni mzuri.

Ukishapata picha hiyo ndipo uingie kwenye mishahara, mechi za mtoano, afya na chaguo. Mishahara huja mapema kwa sababu mapendekezo mengi hufia hapo, na hakuna haja ya kubishana wiki nzima juu ya jambo ambalo ofisi ya ligi isingelipitisha.

Kwa nini masenta wazuri wakati mwingine hupatikana kwa bei ya chini?

Kwa sababu kazi ya msingi ya senta, yaani kuweka skrini (kumzuia mlinzi kwa mwili ili mwenzake apite), kukimbilia ringi, kulinda eneo la chini na kuchukua ribaundi, inafanywa vizuri na watu wengi kuliko kazi ya kiungo anayetengeneza mashambulizi au winga anayelinda nafasi tatu. Milwaukee Bucks walimsaini Brook Lopez mwaka 2018 kwa takribani dola milioni 3.4 kwa msimu, naye akawa senta wao wa kuanza walipotwaa ubingwa mwaka 2021. Los Angeles Lakers walibeba ubingwa wa 2020 wakiwa na JaVale McGee na Dwight Howard, na Howard alikuwa amesaini kwa kima cha chini tena bila dhamana ya mshahara wote. New York Knicks walimpata Isaiah Hartenstein mwaka 2022 kwa dola milioni 16 za miaka miwili.

Juu ya kundi hilo wapo wachache wanaobadilisha mfumo mzima wa timu: senta anayeendesha mashambulizi kama Nikola Jokić, au mlinzi anayeifanya timu iwe miongoni mwa bora kwa ulinzi kila anapokuwa uwanjani. Hao hustahili bei kubwa. Hatari imejificha katikati, kwa senta anayefunga pointi 17 na kuchukua ribaundi 10 lakini timu haibadiliki sana awepo au asiwepo. Takwimu zake hung'aa, mshahara wake ni mkubwa, na ndiye anayeuzwa mara nyingi.

Niangalie takwimu zipi?

Weka kando pointi na ribaundi kwa mechi. Anza na ulinzi wa ringi. Takwimu za ufuatiliaji za NBA huonyesha asilimia ya mitupo ambayo wapinzani hufunga karibu na ringi senta huyo akiwa mlinzi wa karibu zaidi. Kwenye eneo la chini kabisa ya ringi, timu za NBA siku hizi hufunga takribani mitupo miwili kati ya mitatu, kwa hiyo anayewashusha wapinzani karibu na nusu ni mtu wa kipekee. Tazama na idadi ya mitupo anayoikabili kwa mechi. Kuna masenta wenye asilimia nzuri kwa sababu tu hawaendi kupinga mitupo migumu. Wanabaki kando, na kikapu kinaandikwa kwa jina la mwenzao. Bloku (mitupo iliyozuiwa angani) peke yake hudanganya pia, kwani anayerukia kila mtupo hupata bloku mbili na kuacha vikapu sita nyuma yake.

Pili, faulo. Mchezaji hutolewa akifikisha faulo sita. Senta anayefanya faulo tano kwa kila dakika 36 anaweza kucheza dakika 30, ila kocha atamtoa mapema akiwa na mbili katika robo ya kwanza. Akifikia sita kwa dakika 36, huyo ni mchezaji wa dakika 20, na ndivyo anavyopaswa kulipwa, hata takwimu zake za kila dakika ziwe za kuvutia namna gani.

Tatu, ribaundi za timu wala si zake binafsi. Angalia asilimia ya ribaundi za ulinzi ambazo timu nzima huchukua akiwa uwanjani na akiwa benchi. Baadhi ya masenta hunyang'anyana mipira na wenzao ili hesabu ipande. Wengine humzuia mpinzani kwa mwili, mwenzao anaudaka mpira, na jina lao halionekani popote. Hawa wa pili wana thamani zaidi.

Nne, nani alimtengenezea vikapu. Senta anayefunga asilimia 70 kwa pasi za kiungo hodari atashuka akihamia timu isiyo na mpasiaji. Hesabu ni vikapu vingapi vilitokana na asisti, yaani pasi ya mwisho ya mwenzake. Kama karibu vyote, jiulize nani atampasia kwako.

Tofauti ya alama za timu akiwepo na asipokuwepo inasaidia, lakini kwa misimu miwili au mitatu kwa pamoja. Ya nusu msimu hutegemea mno bahati ya wapinzani kwenye mitupo ya pointi tatu na udhaifu wa senta wa akiba anayempokea.

Mitupo huru mibaya ina uzito gani?

Fanya hesabu. Timu ya wastani hupata karibu pointi 1.14 kwa kila shambulizi. Mpigaji wa asilimia 57 hupata pointi 1.14 kwa mitupo miwili huru. Kwa hiyo aliye chini ya asilimia 55 hivi humpa mpinzani sababu ya kumfanyia faulo za makusudi, na aliye juu ya 60 hana tatizo kubwa. Katika dakika mbili za mwisho za kila robo, faulo ya makusudi mbali na mpira huadhibiwa kwa mtupo mmoja huru na mpira kurudi kwa timu iliyofanyiwa, hivyo mbinu hiyo huishia hapo. Lakini senta akipokea mpira mikononi, faulo ni ya kawaida, na wenzake wataanza kuogopa kumpasia. Hilo halionekani kwenye takwimu.

Nitajuaje kama atabaki uwanjani kwenye mechi za mtoano?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Katika msimu wa kawaida timu hukutana na mpinzani usiku mmoja na kuondoka. Kwenye mtoano mpinzani anakutazama hadi mechi saba, anatafuta mtu mmoja dhaifu na kumshambulia kila mara. Mara nyingi huyo mtu ni senta.

Mfano unaofundisha ni wa Juni 2021. Utah Jazz walimaliza wa kwanza msimu wa kawaida wakiwa na Rudy Gobert, mlinzi bora wa mwaka huo. Los Angeles Clippers wakapanga kikosi kidogo chenye wapigaji watano wa mbali. Gobert akalazimika kuchagua kati ya kulinda ringi na kumfuata mtu wake kwenye kona. Katika mechi ya sita Terance Mann, ambaye Gobert alikuwa akimwacha ili asaidie chini, alifunga pointi 39 na Utah wakatolewa. Wengi wakahitimisha kwamba Gobert hafai mtoano. Hitimisho hilo lilikuwa la haraka. Walinzi wa pembeni wa Utah walipitwa kirahisi kila shambulizi, na senta mmoja hawezi kuziba matundu manne. Akiwa Minnesota, mbele yake akiwemo Jaden McDaniels na Anthony Edwards, timu ilifika fainali ya kanda ya Magharibi mwaka 2024 na tena 2025.

Kwa hiyo pima senta pamoja na walinzi watakaosimama mbele yake. Chukua kanda za mechi zake dhidi ya timu zenye viungo wapigaji, na tazama mashambulizi 30 hivi yanayoanza na skrini yake. Angalia anasimama wapi. Senta anayerudi nyuma kulinda ringi humpa kiungo nafasi ya mtupo wa kati au wa mbali, na hilo linavumilika iwapo mlinzi wa kiungo ana nguvu ya kupita skrini na kurudi mgongoni kwake. Senta anayepanda hadi usawa wa skrini huhitaji wenzake watatu wanaozunguka haraka nyuma yake. Senta anayebadilishana mtu na mlinzi lazima ahimili kubaki peke yake mbele ya kiungo kwa sekunde nne au tano bila faulo. Anayeweza mbinu mbili kati ya hizo si rahisi awekwe benchi. Anayejua moja tu anategemea kabisa kocha wako anataka kucheza vipi, na hapo ndipo madili mengi huharibika: timu hununua senta wa kurudi nyuma wakati kocha wake hubadilishana kila skrini.

Upande wa ushambuliaji uliza swali moja. Je, mpinzani anaweza kuweka mtu mfupi amlinde? Kama senta hawezi kumwadhibu mfupi huyo, ama kwa kufunga chini, ama kwa kunyakua ribaundi za ushambuliaji, mpinzani atacheza na wafupi watano bila kulipia chochote.

Tayari tuna mchezaji mrefu. Wawili wataweza kucheza pamoja?

Inawezekana iwapo angalau mmoja anapiga pointi tatu kwa kiwango kinachomlazimisha mlinzi kumfuata, na angalau mmoja anaweza kulinda nje. Oklahoma City Thunder walitwaa ubingwa wa 2025 wakiwatumia Chet Holmgren na Isaiah Hartenstein pamoja kwa sehemu kubwa, kisha kuwatenganisha pale mechi ilipohitaji kasi. Cleveland wana Jarrett Allen na Evan Mobley, na Mobley ndiye anayebeba kazi ya kutoka nje.

Kama wote wawili ni wa chini ya ringi, mmoja atalazimika kuondoka, na asiye na nafasi akiendelea kukaa bila furaha hushuka bei. Denver walifika hapo Februari 2017. Jokić alikuwa amechukua nafasi, wakampeleka Jusuf Nurkić Portland na kuongeza chaguo la raundi ya kwanza ili wampate Mason Plumlee na chaguo la raundi ya pili. Walimbakiza mtu sahihi, ila Nurkić aliondoka kwa bei ya kutupwa kwa kuwa kila timu ilijua hana pa kucheza.

Mishahara lazima ilingane vipi?

Timu iliyo chini ya kikomo cha mishahara (jumla iliyowekwa na ligi, inayoweza kuvukwa kwa njia maalumu) kwa nafasi ya kutosha inaweza kumpokea senta bila kulinganisha chochote. Nyingi ziko juu ya kikomo, na kwao kuna ngazi tatu kulingana na mshahara wanaoutoa. Kwa takwimu za kuanzia za msimu wa 2023-24:

Ukitoa hadi dola milioni 7.5, unaweza kupokea mara mbili yake na dola 250,000 juu. Ukitoa kati ya milioni 7.5 na milioni 29, unapokea ulichotoa pamoja na milioni 7.5. Ukitoa zaidi ya milioni 29, unapokea asilimia 125 na dola 250,000 juu. Hiyo milioni 7.5 hupanda kila kikomo kinapopanda, kwa hiyo tumia namba ya msimu husika.

Mfano: unatoa wachezaji wenye jumla ya milioni 12. Unaweza kupokea senta wa hadi milioni 19.5. Ukitoa milioni 5, mwisho wako ni milioni 10.25. Ukitoa milioni 40, unafika milioni 50.25.

Mtego ni kwamba timu inayopokea zaidi ya ilichotoa hufungwa isivuke aproni ya kwanza kwa muda wote uliobaki wa msimu. Pendekezo linaweza kulingana siku hiyo, kisha timu ikashindwa kusaini hata mchezaji wa kumi na tano wa kima cha chini mwezi Machi. Kwa hiyo jumlisha mishahara yote ya kikosi baada ya dili, ongeza nafasi zilizobaki wazi, ndipo ulinganishe na mstari. Msimu wa 2025-26 kikomo ni dola milioni 154.647, kodi ya anasa inaanzia milioni 187.895, aproni ya kwanza iko milioni 195.945 na ya pili milioni 207.824.

Na kama timu yangu iko juu ya aproni?

Juu ya ya kwanza, huwezi kupokea hata dola moja zaidi ya unachotoa. Juu ya ya pili mambo yanabana zaidi: huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi ili kumpata mmoja wa bei kubwa, wala kutuma fedha taslimu kwenye dili. Chaguo lako la raundi ya kwanza la miaka saba mbele hugandishwa lisiuzwe, na ukirudi juu ya mstari huo katika misimu miwili kati ya minne inayofuata, linasukumwa hadi mwisho wa raundi.

Kwa hiyo ukiona pendekezo la timu iliyo juu ya aproni ya pili kutoa watatu wa milioni 10 ili kupata senta wa milioni 30, lifute. Haliruhusiwi. Ndiyo sababu mwaka 2025 Boston Celtics walimpeleka Kristaps Porziņģis Atlanta, mwaka mmoja tu baada ya kutwaa ubingwa naye: ilibidi mishahara ishuke.

Timu iliyo karibu na mstari hulazimika kuwa na ubunifu. Knicks walipomchukua Karl-Anthony Towns mapema Oktoba 2024, mbali na Julius Randle na Donte DiVincenzo waliwasaini wachezaji watatu na kuwapeleka Charlotte ndani ya dili lilelile, ili mshahara unaotoka ufikie unaoingia. Dili la timu tatu mara nyingi huundwa kwa sababu ya hesabu kuliko mapenzi ya timu ya tatu kwa mchezaji fulani.

Kuna vipengele gani vya mkataba vinavyosahaulika?

Tarehe, kwanza. Mchezaji aliyesaini majira ya joto haruhusiwi kuuzwa hadi 15 Desemba au miezi mitatu ipite, lolote litakalochelewa; baadhi, hasa waliorudi timu yao kwa nyongeza kubwa, husubiri hadi 15 Januari. Aliyefika kwa dili anaweza kuuzwa tena mara moja, lakini akiwa peke yake. Mshahara wake hauunganishwi na wa mwingine kwa miezi miwili.

Kuna bonasi ya kuuzwa, inayoweza kufika asilimia 15 ya mshahara uliobaki. Inahesabiwa kwa timu inayopokea, na imewahi kuharibu hesabu zilizokuwa zimekaa sawa. Mchezaji anaweza kuisamehe ili dili lipite, lakini hakuna anayeweza kumlazimisha.

Kijana aliyesaini nyongeza ya mkataba wake wa kwanza ana utata wa pekee kabla nyongeza haijaanza: timu inayomtoa humhesabu kwa mshahara wa sasa, inayompokea humhesabu kwa wastani wa mwaka huu na miaka ya nyongeza. Senta anayelipwa milioni 6 leo na aliyesaini milioni 120 kwa miaka minne huhesabiwa milioni 6 kwa muuzaji na milioni 25.2 kwa mnunuzi. Kulinganisha namba hizo ni kazi ngumu mno, na ndiyo maana wachezaji wa aina hiyo karibu hawauzwi kabla ya mwezi Julai.

Halafu hesabu vichwa. Kikosi hakizidi wachezaji 15 wa mikataba ya kawaida. Ukipokea watatu na kutoa mmoja, wawili waachwe, na mishahara yao inabaki kwenye vitabu vyako.

Senta anastahili chaguo ngapi za drafti?

Kabla ya kusema ngapi, jua zipi zinaruhusiwa kuuzwa. Timu haiwezi kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ijayo, sheria inayoitwa kwa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyegawa chaguo hovyo. Pia huwezi kuuza zaidi ya miaka saba mbele. Ndiyo maana madili makubwa huonyesha miaka inayorukana, na katikati yake haki ya kubadilishana nafasi, yaani kuchukua chaguo la mwenzako likiwa bora kuliko lako.

Bei ya chaguo hutegemea timu inayolitoa itamaliza wapi, na mnunuzi siku zote hujiona atamaliza juu. Chicago Bulls walimchukua Nikola Vučević Machi 2021 kwa Wendell Carter Jr., Otto Porter Jr. na chaguo mbili za raundi ya kwanza zenye kinga ya nafasi nne za juu, yaani chaguo likiangukia nafasi hizo Chicago wangebaki nalo. Walitarajia mtoano, wakaukosa, chaguo likaangukia nafasi ya 8 na Orlando wakamchukua Franz Wagner. Toronto walimrudisha Jakob Poeltl Februari 2023 wakatoa, pamoja na vingine, chaguo la 2024 lenye kinga ya sita za juu. Msimu huo wa 2023-24 waliporomoka hadi ushindi wa mechi 25, na chaguo likawa la 8 pia. Vučević na Poeltl walifanya kazi waliyonunuliwa kuifanya. Timu zilizowanunua ndizo zilizokuwa chini ya zilivyojidhania.

Kwa hiyo ukiona neno "kinga", uliza mambo matatu: inaishia nafasi gani, chaguo lisipotolewa mwaka huo linahamia mwaka gani, na mwisho wake linageuka kuwa nini. Kwa senta wa kiwango cha kati, maoni yetu ni chaguo moja lenye kinga ya bahati nasibu yote, yaani nafasi 14 za juu, au chaguo kadhaa za raundi ya pili. Chaguo lisilo na kinga liachiwe mchezaji anayekubadilisha kutoka timu ya raundi ya kwanza ya mtoano kuwa mshindani wa taji. Na timu ambayo haina uhakika wa kuingia mtoano isiuze chaguo la mwaka huohuo kwa ajili ya senta. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu linajirudia.

Usimsahau kijana anayetoka pamoja na chaguo. Lakers walimtoa Ivica Zubac Februari 2019 wapate mpigaji Mike Muscala. Miaka sita baadaye Zubac alikuwa kwenye kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi akiwa na Clippers. Masenta huchelewa kukomaa. Aliye na miaka 21 na anayeonekana mzito wa miguu leo si lazima awe hivyo akifika 25.

Nipimeje hatari ya majeraha?

Hesabu mechi alizocheza katika misimu mitatu, kisha tafuta chanzo cha alizokosa. Kidole kilichovunjika au kifundo kilichoteguka ni ajali. Wasiwasi uwepo kwenye mifupa ya mguu iliyopasuka kwa uchovu, gegedu ya goti, na mgongo, kwa kuwa uzito na kuruka ndivyo vinavyoleta tatizo, na senta hawezi kuacha kuwa mzito wala kuruka. Mguu ndio uliomaliza kazi ya Yao Ming.

Agosti 2012 dili la timu nne lilimpeleka Dwight Howard Lakers na Andrew Bynum Philadelphia. Howard alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo mwezi Aprili, akacheza chini ya kiwango chake na kuondoka mwaka uliofuata akiwa mchezaji huru, yaani mkataba wake umeisha. Bynum, aliyekuwa ametoka kuwa nyota wa mechi ya nyota wote, hakucheza hata mechi moja kwa Philadelphia kwa sababu ya magoti. Orlando, waliomuuza nyota mkubwa kuliko wote, waliambulia Vučević, aliyewachezea karibu miaka tisa.

Vipimo vya afya vinaweza kuvunja dili lililotangazwa?

Ndiyo, na kwa masenta imetokea zaidi ya mara moja. Februari 2025 Lakers walikubaliana na Charlotte kumpata Mark Williams kwa Dalton Knecht, Cam Reddish, chaguo la 2031 na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2030. Siku chache baadaye dili lilifutwa baada ya vipimo, muda wa mwisho wa biashara ukiwa umeshapita. Lakers wakamaliza msimu bila senta waliyemtaka.

Kufutwa hakumaanishi mchezaji amekwisha. Februari 2009 dili la Tyson Chandler kwenda Oklahoma City lilivunjika kwa sababu ya kidole gumba cha mguu, na mwaka 2011 alikuwa senta wa Dallas mabingwa. Kwa timu, somo ni la ratiba: dili la senta mwenye historia ya majeraha lifanywe wiki moja au mbili kabla ya muda wa mwisho, ili pawepo nafasi ya kumtafuta mwingine.

Mkataba wake unaisha mwaka huu. Je, ni hatari?

Haki za kumsaini tena kwa kuvuka kikomo husafiri naye kwenye dili, kwa hiyo si sawa na kumpoteza. Chunguza ni haki za ngazi gani. Aliyetimiza miaka mitatu bila kuachwa wala kuhama kama mchezaji huru anaweza kulipwa hadi kiwango cha juu. Aliyetimiza miwili ana ukomo mdogo zaidi, na ukomo huo ndio uliowanyima Knicks Hartenstein mwaka 2024: wao waliweza kumpa takribani milioni 72.5 kwa miaka minne, Oklahoma City wakampa milioni 87 kwa mitatu.

Ukiwa na haki kamili, swali linabaki kama uko tayari kumlipa. Ukinunua senta kwa chaguo mbili, wakala wake anajua huwezi kumwacha aende bure, na bei ya mkataba mpya itabeba ufahamu huo. Kadiria mkataba huo kabla ya dili na uuhesabu kama sehemu ya bei.

Si bora tusubiri senta mwingine aachwe na timu yake?

Ni njia halali kwa timu isiyo na cha kutoa. Sharti aachwe kufikia 1 Machi ili aruhusiwe kucheza mtoano na timu mpya. Timu zilizo juu ya aproni haziruhusiwi kumsaini katikati ya msimu mchezaji aliyekuwa akilipwa zaidi ya kiwango cha kati cha ligi (kinachoitwa mid-level), kwa hiyo majina makubwa huwapita. Na mtu uliyemuuza mwenyewe huwezi kumrudisha akiachwa na timu uliyompelekea. Ni lazima mwaka upite au mkataba wake uishe.

Nitajuaje upande wa pili ungekubali?

Geuza pendekezo na ulisome ukiwa shabiki wa timu ile. Timu inayojijenga upya inataka chaguo, vijana, na mikataba inayoisha. Haina haja na mkongwe wako wa miaka 33 mwenye misimu mitatu iliyobaki. Timu inayoshindana inataka mtu wa kucheza kesho. Kama kila unachotoa ni kile usichokihitaji, jibu ni hapana.

Lini nihukumu dili?

Baada ya mtoano wa pili, si kabla. Minnesota walimpata Gobert Julai 2022 kwa Malik Beasley, Patrick Beverley, Jarred Vanderbilt, Leandro Bolmaro, Walker Kessler, chaguo nne za raundi ya kwanza na haki moja ya kubadilishana nafasi. Msimu wa kwanza walishinda mechi 42, wakatolewa raundi ya kwanza, na dili likaitwa baya kuliko yote. Towns, mrefu mwingine wa Minnesota wakati huo, alikuwa amekosa zaidi ya nusu ya msimu, kwa hiyo warefu wawili hawakuwa wamepata muda wa kujifunza kucheza pamoja. Msimu wa pili walishinda 56, na Gobert akachukua tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya nne. Chaguo la mwisho kati ya zile nne ni la mwaka 2029.